Mashahidi wa Idara ya Udongo

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Aliyewahi kukoka moto wa kuni hahitaji kufafanuliwa. Ukuni mmoja ukiachwa peke yake mekoni hufuka moshi, ukakutoa machozi, kisha ukazimika kabla maji hayajapata hata uvuguvugu. Usogezee wa pili na wa tatu, vichwa viguse, na mara utaona ndimi za moto zikiramba chungu. Wahenga waliposema hivyo walikuwa na mambo ya watu akilini, wala si ya mapishi, na yaliyotokea katika chuo kikuu kimoja cha Misri ya Juu yaliwapa haki yao.

Katika Kitivo cha Kilimo cha chuo hicho alifanya kazi mama mmoja aliyeitwa Rawya, mtunza maabara ya udongo. Kazi hiyo alikuwa ameishika kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa mnene wa mwili, mwepesi wa ulimi, na macho yake hayakupitwa na chupa iliyokaa upande. Rafu zake zilijaa mikebe ya udongo kutoka kila wilaya ya bonde la Nile, na ilisemekana kwamba akifungwa kitambaa machoni akapewa kunusa, angekuambia huu ni wa shamba la miwa na huu ni wa ukingo wa jangwa. Wanafunzi walimpenda kama mzazi na kumwogopa kama mkaguzi.

Adhuhuri moja ya mwezi Machi, wengine wakiwa wamekwenda kununua mikate ya maharage kwenye lango la chuo, Rawya alisikia mtu akihema nyuma ya rafu ya mwisho. Alidhani ni paka. Alipochungulia alimkuta Ibtihal, mwanafunzi wa mwaka wa nne aliyekuwa akiongoza darasa lake, amejikunyata sakafuni, anatetemeka kama unyasi mbele ya upepo. Kifungo cha mkono wa blauzi yake kilikuwa kimekatika, na uzi ulikuwa unaning'inia.

"Umeanguka, mwanangu?" aliuliza Rawya.

Ibtihal alitikisa kichwa.

"Nani?"

Rawya aliketi sakafuni kando yake, jambo lililomgharimu magoti yake, akasubiri. Hatimaye msichana alisema kwa sauti ya kunong'ona, "Profesa Lutfi. Aliniita tuangalie alama za mradi wangu. Akafunga mlango kwa ufunguo, mama. Akanishika. Nikamsukuma, akaniambia, 'Mradi wako uko kiganjani mwangu, nikifumba mkono umekwisha.' Sijui nilifunguaje ule mlango." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nataka kwenda kwetu. Sitaki digrii. Baba akijua ataniambia nirudi, basi bora nirudi mwenyewe."

Profesa Lutfi alikuwa mkuu wa idara, mtu wa suti na marashi, aliyetembea koridoni kama tausi katika ua wake. Nusu ya wahadhiri wa idara aliwafundisha yeye, na nusu nyingine walingoja sahihi yake ili wapandishwe vyeo.

Moyo wa Rawya ulipiga paa. Si kwa sababu ya kushangaa, laiti angeshangaa! Miaka sita nyuma, nyuma ya rafu hiyo hiyo, alimkuta msichana mwingine, Shahenda, akilia kilio cha namna hii na kumtaja mtu huyu huyu. Siku ile Rawya alimpa chai, akampapasa mgongo na kumwambia, "Nyamaza mwanangu, mwachie Mungu, usijiharibie jina." Shahenda alinyamaza. Wiki tatu baadaye alikusanya vitabu vyake akaondoka chuoni, wala hakurudi. Tangu hapo kulikuwa na siku ambazo Rawya alipanga mikebe yake bila kuitazama rafu ile.

Basi safari hii alipiga moyo konde. Akainuka, akamshika Ibtihal mkono. "Hatutamwachia Mungu kazi ambayo ametupa sisi mikono ya kuifanya. Twende."

"Wapi?"

"Kwa Daktari Sawsan."

Daktari Sawsan alikuwa mhadhiri wa sheria, mwembamba, mwenye miwani mikubwa. Ndiye aliyekabidhiwa kitengo kipya cha kupambana na ukatili dhidi ya wanawake chuoni. Kitengo chenyewe kilikuwa chumba kimoja chenye meza, viti vitatu na kabati la kufungwa kwa kufuli, na tangu kifunguliwe hapakuwa na mtu aliyebisha hodi, ila mmoja aliyekuwa akitafuta choo. Wenzake walimtania: "Daktari, mlango wako unashika kutu!" Naye alikuwa akiwajibu, "Kisima hakichimbwi siku ya kiu."

Ibtihal alipomaliza kueleza, Sawsan hakumuuliza alivaa nini, wala kwa nini alikwenda peke yake. Alivua miwani yake, akamwambia, "Ninakuamini. Kosa si lako, hata chembe. Na hapa hakuna kitakachofanyika bila ridhaa yako. Ukitaka kushtaki, nitakuonyesha njia na nitatembea nawe. Usipotaka, bado utamwona mshauri wetu kila wiki, na mradi wako nitaomba usahihishwe na mtu mwingine bila kumwambia sababu. Leo huna haja ya kuamua lolote. Leo kula, ulale."

Rawya alisikia maneno hayo akaona haya. Kumbe palikuwa na maneno ya namna hii duniani, na yeye miaka sita nyuma alitoa chai!

Siku tisa zilipita. Ibtihal alimwona mshauri mara mbili, akarudi darasani akiwa katikati ya rafiki zake wawili kama nguzo kati ya nguzo. Siku ya kumi alikata shauri kushtaki. Ila kabla ya kutia sahihi alitaka baba yake asikie kutoka kinywani mwake mwenyewe, si kwa wapita njia. Alimwomba Daktari Sawsan awe karibu wakati akipiga simu.

Mzee Gaballah, babake Ibtihal, alikuwa fundi wa kutandaza vigae katika mji mdogo ulio mwendo wa saa moja kwa treni. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha simu ikawa kimya hata wakadhani imekatika.

"Baba? Uko hapo?"

"Nipo."

"Nirudi nyumbani?"

"Urudi umeiba nini?" alisema mzee kwa sauti ya kukwaruza. "Mwenye kosa ndiye arudi kwao. Wewe kaa hapo usome. Kesho nakuja."

Alikuja kweli, amevaa kanzu yake ya pamba na kilemba cheupe, vumbi la saruji bado limo kwenye kucha. Hakupiga kelele wala hakutafuta mtu wa kumkunja shati. Aliuliza tu kikao cha kamati ya uchunguzi kitakuwa lini, na siku ilipowadia alivuta kiti akakaa koridoni nje ya ukumbi, mikono juu ya magoti, kama mtu anayelinda nyumba yake.

Kikao cha kwanza hakikwenda vizuri. Profesa Lutfi alikuja na wakili na tabasamu. Alisema msichana huyo alipata alama ndogo, akaamua kulipiza kisasi, na kwamba yeye ni mtu mwenye binti zake, na jina lake ni safi kama theluji. Rawya alieleza alichokiona: msichana akitetemeka, kifungo kimekatika.

"Ulimwona mheshimiwa akimshika?" aliuliza wakili.

"Sikumwona."

"Basi umeona kifungo," alisema wakili, na wawili watatu wakacheka.

Mwenyekiti wa kamati, mzee wa haki lakini mwoga wa makosa, alikuna kidevu. "Tunalo neno lake, tunalo neno lako, Ibtihal. Faili litabaki wazi majuma mawili. Kama yupo mwingine mwenye la kusema, aje. La sivyo, tutalifunga."

Jioni hiyo Profesa alishuka maabara kwa miguu yake mwenyewe. Alishika mkebe mmoja, akaugeuzageuza.

"Bi Rawya, wewe ni mtu mzima mwenye busara. Umeona nini hasa? Msichana analia. Wasichana hulia."

"Na vifungo, Profesa? Navyo hujikata?"

Tabasamu lilitoweka. "Nasikia shamba la majaribio lina upungufu wa watumishi. Ni mbali kidogo, na jua la huko halina huruma."

"Jua nalijua. Nimezaliwa Said, huku huku Misri ya Juu, Profesa, sikuzaliwa kwenye jokofu. Nirudishie mkebe wangu mahali pake, tafadhali."

Koridoni nako alikutana na Inas. Huyu alikuwa mhadhiri msaidizi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ambaye kila mtu alimjua kama kivuli cha Profesa: alimbebea mafaili, alimwandalia mitihani, na alitembea hatua moja nyuma yake. Inas alimvuta Rawya kando. "Mama, mkate wa idara hii umekuotea miiba? Waachie wakubwa mambo yao. Anayetikisa kiberiti kuona kama kimejaa huishia kuungua vidole."

"Basi wewe endelea kubeba mafaili," alijibu Rawya kwa hasira, "yasije yakaanguka."

Inas aligeuka kama aliyepigwa kofi, akaenda zake.

Usiku Rawya alimweleza mumewe yote, na mumewe, aliyekuwa akichovya mkate kwenye mlenda, alisema, "Shambani ni mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, mama watoto. Na magoti yako je?" Kisha akaona uso wa mkewe, akaongeza, "Haya. Tutayapaka mafuta."

Asubuhi Rawya alimwendea Daktari Sawsan, akamfungulia siri yake ya miaka sita. "Najua anakofanya kazi Shahenda. Ni katika kitalu cha miche, ng'ambo ya daraja. Niende?"

Sawsan alifikiri. "Nenda, lakini jina la Ibtihal lisikutoke. Mwambie tu mlango uko wazi. Usimsihi, usimlilie. Aliyelazimishwa mara ya kwanza hastahili kulazimishwa mara ya pili."

Shahenda alikuwa ameinama juu ya miche ya ndimu, anaitia katika mifuko. Alipoinua uso akamwona Rawya, mikono yake ilisimama.

"Umekuja kununua miche?"

"Nimekuja kukuomba radhi."

Rawya aliyasema yote bila kujitetea: kwamba alimwamini siku ile lakini aliogopa, kwamba hofu yake aliivisha kanzu ya hekima. Akamwambia kuna kitengo sasa, kuna mlango, na hakuna anayemdai kitu.

Shahenda alimsikiliza huku macho yake yakiwa mekundu. "Nilikuja kwako kwa sababu wewe hukumwogopa mtu yeyote pale. Wewe uliwagombeza hata maprofesa wakiacha bomba wazi. Nikasema, huyu atasimama nami. Ukanipa chai. Chai, mama! Na sukari vijiko vitatu!"

"Ndiyo," alisema Rawya. "Ndivyo nilivyofanya."

Shahenda alirudi kwenye miche yake, akajaza mifuko miwili, mitatu. Ndipo aliposema bila kuinua kichwa, "Siku ile kuna mtu mwingine aliniona. Inas. Nilikutana naye ngazini, akanitengenezea ushungi wangu kichwani, akaniambia, 'Usirudi kule peke yako tena.' Hata hakuniuliza kumetokea nini. Miaka yote hii najiuliza: alijuaje?"

Rawya alirudi na swali hilo likimchoma kama mwiba kisiginoni. Alijuaje? Na yeye aliyemtupia Inas maneno ya mafaili! Kesho yake alibisha mlango wa Inas, akasimama kizingitini bila kuingia.

"Juzi nilikosa adabu, nisamehe. Na Shahenda anakusalimu. Anakumbuka ulivyomtengenezea ushungi."

Uso wa Inas ulisawijika. "Funga mlango, mama," alisema mwishowe. "Ukiwa nje."

Rawya alifunga, akaenda zake. Hakujua kama amepanda mbegu au ametonesha kidonda.

Siku mbili kabla ya kikao cha pili, barua ya uhamisho ilifika: Bi Rawya aripoti shamba la majaribio mara moja. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaitia mfukoni. Alikwenda shambani kwa mabasi mawili, akaripoti kama alivyoagizwa, kisha akaomba ruhusa ya siku moja ili ahudhurie kamati. Msimamizi wa shamba aliyekuwa na binti chuoni humo alimpa ruhusa bila hata kuuliza.

Siku ya kikao Mzee Gaballah alikuwa koridoni kwenye kiti chake. Ibtihal aliingia, akakaa mbele, mgongo wima. Mlango ulifunguliwa tena akaingia mwanamke mwenye udongo chini ya kucha, akasema, "Naitwa Shahenda. Nilikuwa mwanafunzi hapa miaka sita iliyopita." Akakaa karibu na Ibtihal. Hawakuwa wamewahi kuonana, lakini mkono wa mmoja ulitafuta wa mwenzake chini ya meza.

Profesa Lutfi aliinamia wakili wake akamnong'oneza jambo. Bado hakuwa na wasiwasi, kwani shahidi wake alikuwa njiani. Naam, Inas aliingia akiwa amebeba mafaili kifuani kama kawaida. Aliyaweka mbele ya Profesa, moja juu ya jingine, akayanyoosha kingo. Kisha akabaki amesimama.

"Daktari Inas, kaa," alisema Profesa.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alisema Inas, "nimeandikwa kama shahidi wa upande huu. Naomba kubadilishiwa kiti."

Akazunguka meza, akakaa upande wa pili.

Inas alieleza kwamba alifanyiwa yale yale alipokuwa akiandika tasnifu yake, katika chumba kile kile, kwa maneno yale yale ya kiganja na kufumba mkono. Alitaja mwaka, mwezi na siku. "Nilijiambia nikinyamaza nitamaliza, nikimaliza nitaondoka. Nilimaliza, sikuondoka. Nilibaki nikiwaonya wasichana ngazini mmoja mmoja, nikidhani hiyo inatosha. Haikutosha." Akamgeukia Ibtihal. "Nisamehe, mdogo wangu. Umefanya mwaka wa nne nilichoshindwa kufanya nikiwa na shahada mbili."

Wakili aliuliza kama na yeye alikuwa analipiza kisasi cha alama. "Alama zangu zilikuwa nzuri," alijibu Inas. "Kaangalie, yeye ndiye aliyezitoa." Safari hii hapakuwa na aliyecheka.

Rawya, aliyekuwa amekaa nyuma akisugua magoti, aliwatazama wale watatu, mmoja wa miaka ishirini na miwili, mmoja wa ishirini na minane, mmoja wa thelathini na tatu. Alilia bila kujificha, na hakuona haya.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio kama maji yaliyofunguliwa mlango wa mfereji. Wiki iliyofuata wanawake wengine wawili walibisha mlango wa Daktari Sawsan, mmoja wao akiwa ametoka mji wa mbali na mtoto mgongoni. Profesa Lutfi alisimamishwa kazi, kisha baraza la nidhamu likamfukuza, na faili lake likapelekwa kwa mwendesha mashtaka. Kesi ingali mahakamani hadi leo, maana mahakama haina haraka. Lakini ofisi ile ina mtu mwingine, na mlango wake una kioo.

Kila mlango wa idara una kioo sasa. Mradi wa mwanafunzi husahihishwa na wahadhiri wawili. Kila mwaka wanafunzi wapya, wavulana kwa wasichana, huketi siku nzima na Daktari Inas, naye huwaambia wavulana, "Sikuiti mshtakiwa, nakuita jirani. Ukiona, usigeuze uso." Na kitengo cha Daktari Sawsan kimehamia chumba kikubwa karibu na maktaba, na wale waliomtania kuhusu kutu sasa ndio humletea wanafunzi wao.

Shahenda alijiandikisha tena, akamaliza mwaka wa nne akiwa ndiye mkubwa kuliko wote darasani. Ibtihal alihitimu wa kwanza, na Mzee Gaballah, mtu wa maneno machache, alipiga vigelegele kama mwanamke mbele ya kitivo kizima.

Rawya alitumikia shamba miezi minne kabla uhamisho haujafutwa. Alirudi ameiva kwa jua kama punje ya kahawa, akakuta udongo wa miwa umebandikwa jina la udongo wa jangwa, na kelele alizopiga asubuhi hiyo zilisikika hadi ghorofa ya tatu. Wanafunzi walikimbilia maabara wakicheka kwa furaha: mama yao amerudi. Mwaka uliofuata, Inas alipomwita aseme neno mbele ya wanafunzi wapya, alisimama, akaweka sawa ushungi wake, akasema, "Mimi sina hotuba. Kuna siku nilimwambia msichana anyamaze, akapoteza miaka sita. Siku nyingine nilimwambia mwingine twende, na matunda yake mnayaona. Mtu akija kwenu analia, msimpe chai peke yake. Mpeni na miguu yenu."

Neno la Ibtihal lilipokuwa peke yake lilifuka moshi tu na watu wakalicheka. Lilipoguswa na la Shahenda na la Inas, hapakuwa na cheo, wakili wala marashi yaliyoweza kulizima. Hakika, kinga na kinga ndipo moto uwakapo.